Ng'ombe Sita Ndani ya Simu

Buffalo, tarehe 26 Januari 2025

Kwa Baba Shami, mkwe mwenzangu mpendwa, huko Louisville,

Nakusalimu kwa jina la Bwana wetu. Sisi huku Riverside tuko hai, ingawa theluji imefika kwenye dirisha la jikoni na mlango wa nyuma haujafunguka tangu Jumanne. Mke wangu anakusalimu. Mgongo unamsumbua, lakini mdomo bado mzima, tunamshukuru Mungu.

Nimechagua karatasi kwa sababu unazijua simu zetu. Ukinitumia sauti saa mbili, saa tatu inasikilizwa Cheektowaga, na jioni mashemeji wa Nairobi wanatoa maoni. Mambo ya ng'ombe hayafai kuwekwa kwenye spika.

Nilikuwa mwalimu kwa miaka kumi na tisa kule milimani, kwa hiyo utanisamehe nikianza kwa kukumbusha somo. Oktoba 2020, tulipowaoza watoto wetu watu wote wakiwa wamevaa barakoa, nilileta ng'ombe sita kwa ajili ya binti yako, aolewe na mwanangu Ruberwa. Kwa kuwa huku hatuna malisho, kila ng'ombe tulimhesabu dola elfu moja, nawe ukapokea mbele ya mashahidi. Desturi yetu iko wazi: ng'ombe wa mahari wakizaa, ndama anarudi kwa wale waliooana, awe mwanzo wa zizi lao. Indongoranyo. Watoto wanakwenda mwaka wa tano bila indongoranyo, na mimi sijawahi kuuliza.

Leo nauliza. Nasikia hukuwala wale ng'ombe. Nasikia uliwaweka kwenye akaunti ya simu na kwamba wanazaa. Basi kama wamezaa, ingependeza ndama mmoja au wawili wafike Columbus kabla ya Pasaka. Sina sababu maalum. Ni desturi tu.

Mkwe mwenzako,
Nyarugabo, Baba Ruberwa


Louisville, tarehe 2 Februari 2025

Shami mama,

Yesu asifiwe. Baba yako ni mzima, miguu tu inavimba nikitoka kazini, donc hakuna jipya. Baba mkwe wako ameniandikia barua ya karatasi na mimi nakuandikia ya karatasi, tusije tukachekwa na watu. Anataka ndama kabla ya Pasaka. Anasema hana sababu maalum. Mtu akikwambia hana sababu maalum, ujue anayo.

Ana haki, sikatai. Lakini hofu imenishika, na nitakueleza kwa nini.

Unakumbuka wiki ile niliyopokea ng'ombe? Anicet wa kwaya alinikuta nimeketi na bahasha kwenye magoti, sijui niifiche wapi. Watu wa ukoo walikuwa tayari wanaona gari ndani yake. Anicet akaniambia, Mzee, fungua akaunti ya Roth. Ni akaunti ya uzee: unaweka pesa ambayo serikali imekwisha kukata kodi yake, inakua yenyewe, na ukifika umri unachukua yote bila kukatwa hata senti. Akaniwekea kwenye simu. Akanunua mfuko ambao ndani yake kuna kipande kidogo cha kila kampuni kubwa ya nchi hii. Hapo nilielewa mara moja! Baba yangu naye aligawa ng'ombe zake kwa marafiki wa vilima saba, ili wezi wakija kilima kimoja wasizimalize.

Tangu siku hiyo naziangalia kila asubuhi kabla ya kuvaa viatu. Leo zile elfu sita zimekuwa elfu kumi na moja na kitu. Ng'ombe sita, ndama tano. Mimi niliyefika uwanja wa ndege na mfuko mmoja wa plastiki.

Bon, shida ndiyo hii. Jana nilibonyeza mahali pa kutoa pesa, nione tu, ikaanza kuniuliza maswali ya Kiingereza kirefu. Nikaogopa, nikazima simu kabisa mpaka asubuhi. Wewe unakijua Kiingereza cha karatasi. Niangalizie: natoaje ndama bila kugusa ng'ombe? Ng'ombe zenyewe zisiguswe. Hata moja. Usiniulize kwa nini.

Ruberwa hajambo? Msalimie sana.

Baba yako,
Sebineza


Gahanna, Columbus, tarehe 9 Februari 2025

Baba mpendwa,

Barua nimeisoma ndani ya gari, nikingoja zamu ianze pale ninapotunza wazee. Wiki hii nimechukua zamu mbili mbili, utanisamehe mwandiko.

Niliwapigia wenye akaunti. Nimekaa na muziki wao sikioni dakika arobaini, ndipo mama mmoja akaja, mpole, akanieleza kama anamweleza mtoto. Zile elfu sita ulizoweka kwa mkono wako unaweza kuzitoa siku yoyote. Hakuna kodi, hakuna adhabu, hakuna wa kukuuliza. Kilichofungwa ni faida, yaani ndama. Wao wanangoja utimize miaka hamsini na tisa na nusu, na ukiwatoa mapema unakatwa adhabu.

Na kuna jambo baya zaidi. Nilimuuliza, je, akikubali kukatwa hiyo adhabu, atoe ndama leo? Akasema huwezi kuchagua. Sheria inahesabu kwamba kinachotoka kwanza ni kile ulichoweka mwanzo. Ukitoa elfu moja leo, kwa macho ya serikali umetoa ng'ombe mama, si ndama. Mpaka ng'ombe zote sita ziishe mlangoni, ndipo ndama wa kwanza aanze kutoka.

Sasa umri. Karani wa kambi ya wakimbizi alikuandika tarehe 1 Januari 1966, kama alivyotuandika sisi wote Januari mosi. Kwa karatasi hiyo unatimiza tarehe 1 Julai mwaka huu. Nilicheka, Baba, halafu nikataka kulia. Bibi si alisema ulizaliwa mwaka wa uhuru wa Kongo? Kwa Mungu una miaka sitini na nne, ndama ni zako zamani. Kwa serikali bado wewe kijana.

Shauri langu: pesa ni pesa. Toa elfu moja, iite ndama, yaishe. Nani atajua?

Sisi tuko sawa. Ruberwa yuko sawa, kazi yake iko sawa. Tuko sawa kabisa.

Binti yako,
Shami


Buffalo, tarehe 2 Machi 2025

Baba Shami,

Barua yako ya tarehe 16 nimeipata. Nimeisoma kwa miwani na bila miwani. Unasema ndama wapo, umewaona kwa macho, ila serikali haikuruhusu kuwatoa mpaka Julai kwa sababu umri wako haujatosha.

Mzee mwenzangu! Tulipokimbia milima tulitembea njia moja. Nawe ulikuwa unanyoa ndevu tangu mimi sijaanza kuota zangu. Leo unaniambia wewe ni kijana mno kutoa ndama?

Masumbuko, yule wa kanisani, alipita hapa akitokea Louisville. Anasema ameliona gari jipya mbele ya nyumba yako. Mimi sikumjibu. Lakini wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Kama ng'ombe wameliwa, niambie wameliwa. Nitaumia siku moja, kisha nitakuwa mtu mzima.

Pasaka haiko mbali.

Nyarugabo


Louisville, tarehe 5 Aprili 2025

Shami, mwanangu,

Gari lile ni la Anicet! Analiegesha kwangu kwa sababu kwao hakuna nafasi. Masumbuko ana macho ya kuona na hana kinywa cha kuuliza. Lakini sikuandikii juu ya hilo.

Ndama zinakufa. Jana Ijumaa nimeamka, nimefungua simu, nikadhani nimeingia kwenye akaunti ya mtu mwingine. Leo tena. Elfu kumi na moja zimekuwa elfu tisa na mia nne. Siku mbili! Kazini watu wote wanasema ni mambo ya ushuru wa bidhaa, kwamba makampuni yote yanaanguka pamoja. Yote pamoja, Shami. Sasa vilima saba vina faida gani wezi wakija kwenye vilima vyote usiku mmoja?

Sijala tangu jana. Kule kwetu ukisikia risasi bondeni huketi kuhesabu, unaswaga ng'ombe ulizonazo unavuka nazo upande wa pili. Zikiendelea kushuka hivi, hasara itagusa zile sita, na hapo mimi nimekwisha.

Nilikupigia jana saa nne ya asubuhi, kabla ya zamu yangu ya mchana, nikuulize. Ruberwa ndiye aliyeshika, na sauti ya mtu aliyekuwa amelala. Saa nne, siku ya kazi. Akasema uko kwa zamu, akakata haraka. Kwa nini mume wako yuko nyumbani saa nne?

Nijibu. Kama sijapata neno lako, Jumatano nauza zote.

Baba yako,
Sebineza


Gahanna, tarehe 8 Aprili 2025

Baba,

Nimekupigia mara tisa, simu yako imezimwa. Najua unaizima ukiogopa. Najua pia kwamba barua hii itafika Jumatano imepita, na huenda umeshauza. Naandika hivyo hivyo, kwa sababu nimechoka kunyamaza.

Ruberwa hana kazi tangu tarehe 10 Januari. Ghala lao lilipunguza watu, naye alikuwa kwenye orodha. Kila asubuhi alikuwa anavaa viatu vya kazi, ananishusha kwa zamu, kisha anaendesha gari mpaka kwenye maegesho ya duka, anakaa humo hadi saa tisa, ili majirani wa kanisani wasijue. Ijumaa ulimkuta amechoka hata kwenda, na mimi nilikuwa nimesahau simu nyumbani. Alinikataza nisikwambie. Nimefanya zamu mbili mbili lakini haitoshi. Tuna deni la nyumba la miezi miwili, na mwenye nyumba ametupa karatasi: tukikosa dola elfu mbili mpaka tarehe 30 Aprili, anakwenda korti.

Baba mkwe anajua, aliambiwa Januari. Ndiyo maana alikuomba ndama. Alitaka tusaidike na watu waone ni desturi tu, mwanawe asiaibike. Nawe umemwambia Julai, akadhani umekula. Na mimi nilikaa kimya katikati yenu, nikaandika tuko sawa, tuko sawa. Nisamehe.

Baba, naomba ng'ombe mbili. Najua ulisema zisiguswe. Nakuomba nimepiga magoti.

Shami


Louisville, tarehe 14 Aprili 2025

Shami mama,

Mficha maradhi, kilio humfichua. Ungeniambia Januari! Basi, nimekwisha kukaripia, tuendelee.

Kwanza ujue sikuuza. Jumatano niliamka nimeamua, lakini saa ya kazi ilikuwa imefika, na sisi simu zinafungiwa kwenye kabati mpaka tutoke. Siku nzima napanga maboksi, nasema nikitoka tu nauza. Nimetoka, nimefungua: kumbe siku ileile yote yamepanda kwa nguvu! Nilikaa chini pale pale kwenye kituo cha basi. Kabati la kazini ndilo lililookoa ng'ombe zako, siyo akili ya baba yako.

Pili, leo nimetoa mbili. Anicet alikuwa pembeni yangu. Kidole kilitetemeka mpaka simu ikakataa kunitambua mara mbili. Siwezi kukueleza nilivyojisikia zilipotoka, na siyo kwa sababu ya pesa.

Sitakutumia wewe moja kwa moja. Ruberwa ataona nimemnunulia chakula kama mtoto. Cheki ikija nitamtumia baba mkwe wako, awaletee mwenyewe kama indongoranyo, heshima ya kila mtu ibaki mahali pake. Nitatia na karatasi ya akaunti ndani ya bahasha, aone kwa macho kwamba sikula kitu na sikununua gari.

Baba yako


Buffalo, tarehe 23 Aprili 2025

Bwana Sebineza,

Bahasha yako imefika. Ndani nimekuta cheki ya dola elfu mbili na karatasi. Mjukuu wangu Gentille anasomea uhasibu, nilimwomba anifasirie neno kwa neno, na nilimwomba arudie. Karatasi inasema kwamba kilichotoka ni katika ile elfu sita ya mwanzo, si katika faida. Faida yote imebaki kwako.

Kwa maneno mengine, ndama umewaweka, na mimi umenirudishia ng'ombe wawili wa mahari.

Kwetu mtu anarudisha ng'ombe wa mahari kwa sababu moja tu, nawe unaijua kama mimi. Sikutarajia. Mwanangu amepoteza kazi, ndiyo. Sasa najua kwamba umelisikia hilo. Lakini kumnyang'anya mtu mke kwa sababu hana kazi miezi mitatu, na kumtangazia kwa posta, hapana, hilo sikuwahi kuliona hata vitani.

Nilimpigia Ruberwa nikamsomea.

Cheki sijaipeleka benki na sitaipeleka. Kama unamtaka binti yako, njoo useme kwa kinywa, mbele ya watu, kama ulivyopokea.

Nyarugabo


Gahanna, tarehe 26 Aprili 2025

Baba, ulifanya nini?

Ruberwa amekwenda Buffalo. Nilirudi kutoka kazini Alhamisi nikakuta mfuko wake haupo. Ameacha funguo za gari mezani ili nipate kwenda kazini, na yeye amepanda basi. Kwenye simu aliniambia maneno haya tu: "Kama uliomba kwenu wakurudishe, ungeniambia mwenyewe." Nikamwambia sikuomba hilo. Akauliza, "Uliomba ng'ombe zitoke, au hukuomba?" Ni kweli, Baba. Niliomba.

Ulisema utaitia karatasi ili uonekane mwaminifu. Haya, umeonekana. Siku nne zimebaki mwenye nyumba aende korti, cheki iko kwenye kabati la baba mkwe, mume yuko Buffalo, mimi niko hapa nageuza wazee vitandani usiku na mchana.

Nimekasirika, na nitakwambia yote. Wazee wawili mnaandikiana ng'ombe, ndama, desturi, karatasi. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza, Shami, wewe unataka kukaa wapi? Mimi ndiye wale ng'ombe sita?

Sina la zaidi.
Shami


Louisville, tarehe 28 Aprili 2025

Kwa Baba Ruberwa,

Barua hii nimeilipia posta ya haraka, dola thelathini, uisome kabla hatujachelewa. Sijui kuandika kama mwalimu, donc nivumilie.

Sikurudisha mahari. Naapa mbele ya Mungu aliyetuvusha. Akaunti ile ina sheria moja ambayo mimi mwenyewe niliambiwa nikashindwa kuamini: mlangoni ng'ombe mama ndiyo inatoka kwanza, ndama baadaye. Hawaulizi unataka nini. Ndama ninazo, lakini zimefungwa mpaka Julai, kwa sababu karani wa kambi aliniandika mtoto. Wewe unajua umri wangu. Ulizicheka ndevu zangu, na ulikuwa na haki. Laiti karani angeandika alichoambiwa, ndama zingekuwa kwako zamani.

Niliposikia watoto wanataka kutolewa nyumbani, nikatoa kilichokubali kutoka. Nikaiita indongoranyo. Hilo ni kosa langu: niliita ng'ombe mama ndama, nikidhani hakuna atakayeona. Kisha nikatia mwenyewe karatasi inayonishtaki. Gentille amesoma vizuri, usimlaumu.

Shami hakuomba kuachana. Aliomba nyumba. Ruberwa mimi simdharau. Mtu anayevaa viatu vya kazi miezi mitatu ili mke wake asichekwe, huyo ni mkwe wangu, na nitamwambia nikimwona. Nakuomba kwa unyenyekevu, mrudishe nyumbani kwake. Cheki peleka benki, au chana, fanya unavyotaka. Lakini mtoto wangu yuko peke yake na tarehe 30 ni keshokutwa.

Mkwe mwenzako, kama bado unakubali,
Sebineza


Buffalo, tarehe 4 Mei 2025

Baba Shami, mkwe mwenzangu,

Nakubali. Nimesoma barua yako mara nne. Ya nne niliisoma kwa sauti na Ruberwa akiwa mlangoni, akidhani simwoni. Nilipofika kwenye viatu vya kazi, alitoka nje akasimama kwenye baridi muda mrefu.

Gentille ameitafuta sheria hiyo. Iko vile ulivyosema. Ameniambia pia kwamba mtu akirudisha pesa ndani ya siku sitini, serikali inahesabu kama haikutoka. Kwa hiyo ndani ya bahasha hii utaikuta cheki yako, safi, haijakunjwa. Warudishe wale wawili zizini, uharakishe, na usiniwekee karatasi tena.

Tarehe 30 alfajiri nilimpakia Ruberwa kwenye gari, tukaendesha masaa matano na nusu mpaka kwao. Nilimlipa mwenye nyumba mkononi. Nilikuwa na akiba ya jeneza langu. Jeneza litangoja, mimi sina haraka nalo. Shami alitufungulia mlango, akanisalimu vizuri kama desturi, kisha akaingia jikoni akafunga. Ruberwa alikaa kwenye kiti kama mgeni. Niliwaacha hivyo, kwa sababu baba mkwe hana kazi hapo.

Nisamehe kwa maneno ya Masumbuko. Lililosemwa halikuwepo, na wala halikuja.

Ndama nitamngoja mpaka ukue.

Nyarugabo


Louisville, tarehe 1 Julai 2025

Shami mama,

Leo serikali imekubali kwamba mimi ni mzee. Nimeamka saa kumi na moja, nimevaa shati ya kanisani, nimefungua simu. Ng'ombe zote sita ziko, zile mbili nilizirudisha Mei, siku ya thelathini na sita katika zile sitini, nikiogopa hata posta itachelewa. Ndama tano zimerudi, na zaidi kidogo. Nimebonyeza, imeuliza maswali, safari hii nimesoma yote: kwa mzee hawaulizi tena ipi ni ng'ombe, ipi ni ndama. Cheki ya ndama mbili ikifika inakwenda Buffalo, baba mkwe awaletee mwenyewe. Hakutakuwa na karatasi yoyote ndani ya bahasha!

Uliniuliza Aprili kama wewe ndiye wale ng'ombe sita. Sikukujibu, kwa sababu jibu lake sikuweza kuliandika wakati Ruberwa hayupo. Sasa yupo, ameanza kazi, umeniambia kwenye simu mnaongea tena. Bon, nakujibu. Ukishasoma, ichome.

Nilikuwa na dada, Leya. Bibi yako hakupenda tumtaje. Aliolewa kwa ng'ombe nane, na baba yangu alizimaliza zote mwaka mmoja: nyingine aliuza, nyingine alilipa deni. Siku moja Leya akarudi nyumbani, mkono umevunjika. Mume wake alikuwa anampiga. Aliketi jikoni kwa mama, akasema sirudi. Baba alisema, huwezi kukaa, sina ng'ombe za kurudisha. Asubuhi nikatumwa mimi nimsindikize, nikiwa na miaka kumi na minne. Njiani hakulia. Alinishika mkono kwa ule mzima. Mwaka uliofuata tulimzika.

Anicet alipokuwa ananieleza ile akaunti, aliongea mengi juu ya kodi na uzee, na mimi sikusikia. Nilisikia neno moja tu: ulichoweka unaweza kukitoa siku yoyote, hakuna wa kukuuliza. Nikamwambia fungua leo hii.

Donc ng'ombe hizo siyo wewe. Hizo ni mlango. Ruberwa ni mtu mwema na sitaki urudi. Lakini siku ukisema sirudi kule, hakuna mtu atakayekusindikiza asubuhi. Ndiyo sababu nilitetemeka zile mbili zilipotoka. Kwa wiki tano mlango wako ulipungua, na wewe hukujua.

Baba yako,
Sebineza


Gahanna, tarehe 8 Julai 2025

Baba mpendwa,

Barua nimeisoma bafuni, maji yakiwa wazi. Sijaichoma. Nimeishona ndani ya koti la baridi, mahali ambapo hakuna mwanaume anayeangalia.

Ruberwa ni mzima, anafanya kazi jirani na uwanja wa ndege, anarudi na njaa. Jana usiku tulicheka, sikumbuki hata kwa nini. Ndama wakifika, tunaanza kwanza kurudisha akiba ya jeneza la baba mkwe.

Sirudi, Baba. Niko nyumbani kwangu na hapa ndipo ninapotaka kukaa.

Lakini zile sita usiziguse.

Binti yako,
Shami